Kabla Sampuli Haijasafiri: Ushauri kwa Anayetaka Kupima Uso wa Kitu kwa XPS

Kabla hujalipia kipimo cha XPS, yaani spektroskopia ya fotoelektroni za eksirei, andika kwa sentensi moja swali unalotaka likajibiwe. "Nataka kuichunguza sampuli yangu" si swali. "Je, floraidi iliyotolewa kwenye maji imekaa juu ya chembe za mkaa wa mifupa au imezama ndani, na imeshikana na nini?" Hilo ni swali. Naanza na jambo hili kwa sababu wanafunzi wetu wengi wa shahada za juu hupeleka sampuli kwenye maabara za mbali, aghalabu nje ya nchi, wakalipa kwa fedha ya utafiti isiyopatikana mara mbili, kisha wakarudishiwa mafaili yaliyojaa vilele vya grafu wasijue waanzie wapi. Hapo ndipo hushawishika kuvilazimisha vilele viseme walichokuwa wakikitamani. Kipimo hiki hufanikiwa au huharibika zaidi mezani pako kuliko ndani ya mashine.

Nitautumia mfano huohuo wa mkaa wa mifupa hadi mwisho, maana tatizo lake ni la kwetu. Katika Bonde la Ufa, tangu Nakuru hadi Arusha na miteremko ya Meru, visima na chemchemi nyingi zina floraidi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia, na kwa wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka, mifupa hupinda na viungo hukakamaa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimeshughulikia dawa mojawapo ya tatizo hili: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, ikavunjwa kuwa chembe, maji yakapitishwa humo. Sehemu kubwa ya mkaa huo ni haidroksiapatiti, yaani madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyojenga mfupa wenyewe, pamoja na kaboni kidogo. Kwamba mkaa huu hupunguza floraidi hakuna ubishi. Namna unavyoishika ndiko XPS inakoweza kusaidia.

Kazi ya mashine si fumbo. Eksirei zenye nishati inayojulikana hupigwa kwenye sampuli, atomi zikatoa elektroni, na mashine hupima nishati ya kila elektroni inayotoka. Ukiitoa nishati hiyo kwenye nishati ya eksirei, ukafanya na marekebisho madogo ya mashine, unapata nishati iliyokuwa imeifunga elektroni ndani ya atomi. Kila elementi ina nishati zake za aina hiyo, nazo husogea kidogo kulingana na atomi nyingine iliyo jirani. Albert Einstein alieleza msingi wa jambo hili mwaka 1905. Kai Siegbahn na wenzake katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ndio walioligeuza kuwa kipimo cha kemia, na kazi hiyo ilimpa Siegbahn nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1981. Mashine nyingi za leo hutumia eksirei za alumini zenye nishati ya elektronivolti (eV) 1486.6.

Eksirei zenyewe huzama mbali ndani ya sampuli. Elektroni ndizo zisizoweza kusafiri umbali mrefu bila kupoteza nishati, kwa hiyo zinazofika kwenye kipokezi na habari kamili ni zile za tabaka la juu kabisa, kiasi cha nanometa 10 au pungufu. Chembe ya mkaa yenye upana wa milimita moja ina nanometa 1,000,000. Piga hesabu uone sehemu ndogo kiasi gani unayoitazama. Kama floraidi imezama hadi katikati ya chembe, XPS haitaiona, na kama imekaa juu tu, XPS itaionyesha kana kwamba chembe nzima imejaa floraidi. Kwa sababu hiyo usitumie kipimo hiki kueleza ni miligramu ngapi zimeondolewa majini. Hiyo ni kazi ya elektrodi ya floraidi, ambayo huenda unayo hapohapo maabara. Usikitumie pia kuthibitisha aina ya fuwele. Hiyo ni kazi ya difraksheni ya eksirei. Na ukilinganisha na hadubini ya elektroni yenye kupima elementi, kumbuka kwamba ile husoma kina cha karibu mikrometa moja, mara mia ya kina cha XPS. Vipimo viwili vikitofautiana, si lazima kimoja kiwe kimekosea.

Sasa tuje mezani, mahali ninapotaka ukae muda mrefu zaidi.

Ukishapitisha maji yenye floraidi kwenye mkaa, utafanya nini kabla ya kuukausha? Watu wengi huchuja, wakaweka kwenye oveni, basi. Fikiria kilichobaki katikati ya vitundu vya chembe. Ni maji yaleyale, na kwa kuwa majaribio mengi ya maabara hutumia sodiamu floraidi, maji hayo yakikauka huacha chumvi hiyo juu ya uso. Mashine itaona kilele kizuri cha floraini, nawe utaandika kwamba mkaa umeishika floraidi, kumbe ulichokipima ni chumvi iliyokaukia pale. Isuuze sampuli kwa maji yaliyosafishwa, kwa muda mfupi na kwa kiasi kilekile kila mara, na uandike ulivyofanya. Kisha tafuta sodiamu kwenye matokeo, kilele chake kikuu kikiwa karibu na 1071 eV. Ikiwa sodiamu na floraini zimepatana kwa idadi ya atomi, usiende mbali zaidi kabla hujarudia kusuuza.

Mikono ndiyo hatari inayofuata. Jasho la kidole huacha sodiamu, klorini na mafuta. Glavu zenye unga huacha unga wake. Vilainishi, mafuta ya pampu, gundi nyingi na hata baadhi ya krimu za mikono zina silikoni, nayo hutambaa juu ya uso na kujitandaza kwa wepesi wa kushangaza. Ukiona kilele cha silikoni karibu na 102 eV kwenye sampuli isiyotakiwa kuwa na silikoni, chanzo chake kitafute kwenye meza yako. Shika kwa kibano kilichosafishwa kwa kimiminika safi, vaa glavu zisizo na unga, usivipulizie vitu kwa mdomo. Vifuko vya plastiki vya dukani usivitumie hata kidogo, kwa kuwa viambato vinavyoilainisha plastiki huhamia kwenye sampuli. Weka kwenye vichupa vya kioo vilivyooshwa na kukaushwa; kama sampuli ni bapa, karatasi safi ya alumini inafaa.

Ikaushe sampuli sawasawa. Ndani ya mashine kuna ombwe kali sana, na unga wenye vitundu hutoa maji kwa saa nyingi. Maabara yoyote makini itaikataa sampuli yenye unyevu au itaiacha kwenye chumba cha maandalizi hadi kesho yake. Lakini usiichome ukidhani unaikausha: joto kubwa linaweza kubadilisha kemia uliyotaka kuipima. Oveni ya ombwe yenye joto la wastani hutosha, ilimradi sampuli zote zipitie njia moja.

Nasema zote, kwa sababu kupeleka sampuli moja ni kutupa fedha. Mkaa uliokunywa floraidi hauna maana bila wa kuulinganisha nao. Peleka mkaa mpya usioguswa. Peleka mkaa ulioloweshwa kwenye maji safi kwa muda uleule, usiopata floraidi, ili ujue maji peke yake yamefanya nini. Peleka mkaa wenye floraidi uliosuuzwa. Na kama fedha inaruhusu, peleka pia vitu safi vya kulinganisha: sodiamu floraidi, kalsiamu floraidi, na apatiti uliyoitengeneza mwenyewe ikiwa na bila floraidi. Namba za kwenye vitabu na hifadhidata hutofautiana kwa sehemu za eV kati ya mashine na mashine. Kitu kilichopimwa siku moja na sampuli yako kwenye mashine ileile hakina mshindani. Kama bajeti inakubali sampuli nne tu, afadhali sampuli moja ya utafiti na tatu za kulinganisha kuliko nne za utafiti zisizo na mwenza.

Waandikie mapema wataalamu wa maabara, uwaambie swali lako na vilivyomo ndani ya sampuli. Waulize namna watakavyoibandika. Unga hubandikwa mara nyingi kwenye utepe wa gundi wenye pande mbili, na utepe huo una kaboni na oksijeni yake, mara nyingine silikoni pia. Unga ukitawanyika vibaya, utakuwa unaupima utepe. Kuugandamiza kuwa kidonge, au kuukandamiza kwenye bamba laini la madini ya indiamu, ni bora zaidi. Omba wapime mahali pasipopungua patatu, kwa kuwa doa linalosomwa mara nyingi ni dogo kuliko milimita moja na mifupa haifanani.

Tena, omba jambo hili ambalo wengi hulisahau: wapime eneo la floraini haraka mwanzoni kabisa, kisha walipime tena mwishoni. Eksirei na elektroni zinaweza kuibadilisha sampuli wakati inapopimwa. Plastiki zenye floraini hupoteza floraini yake, na shaba na kromiamu zilizo katika hali ya juu ya oksidisho hushuka. Vilele viwili vya mwanzo na mwisho vikilingana, unaweza kusema kwa ujasiri kwamba unachokiona hakikutengenezwa na kipimo chenyewe.

Mkaa wa mifupa una tatizo jingine, la chaji. Kila elektroni inayotoka huiacha sampuli na upungufu, na kwenye kitu kisichopitisha umeme chaji hujikusanya na kuvisogeza vilele vyote. Mashine hunyunyizia elektroni za nishati ndogo ili kusawazisha, kisha mtu hurekebisha namba zilizobaki kwa kukiweka kilele cha kaboni ya uchafu wa hewani kwenye 284.8 eV. Zoea hili limeenea kote duniani, na Grzegorz Greczynski na Lars Hultman wa Chuo Kikuu cha Linköping wamelikosoa kwa hoja nzito, wakionyesha kwamba kilele hicho hakikai mahali pamoja kwenye kila kitu. Kwetu hapa tatizo ni bayana zaidi: mkaa una kaboni yake yenyewe, inayofanana na grafiti, na kilele chake hukaa chini kidogo ya 284.8 eV. Ukizichanganya kaboni hizo mbili na kuviegemeza vilele vyote juu yake, umejenga nyumba yako juu ya mchanga.

Njia salama ni kutumia tofauti. Chaji iliyosambaa sawasawa husogeza vilele vyote kwa kiasi kilekile, kwa hiyo umbali kati ya kilele cha floraini na kilele kikuu cha kalsiamu haubadiliki. Ripoti umbali huo pamoja na namba zilizorekebishwa, na sema wazi ulirekebisha kwa kutumia nini. Lakini angalia pia umbo: vilele vikiwa vipana au vyenye mabega yanayofanana kwenye kila elementi, huenda chaji haikusambaa sawasawa, na mabega hayo hayana habari yoyote ya kemia.

Mafaili yakifika, anza na mchoro mpana unaoonyesha elementi zote, na usiruke kwenda kwenye kilele ukipendacho. Taja kila kilele, hata vidogo visivyokuhusu. Kalsiamu utaiona karibu na 347 eV, fosforasi ya fosfeti karibu na 133, oksijeni karibu na 531, floraini ya chumvi za madini karibu na 685. Haidrojeni na heli hazionekani kabisa katika kipimo hiki, kwa hiyo haidroksili iliyomo kwenye jina la haidroksiapatiti huwezi kuihesabu kwa haidrojeni yake. Jihadhari na vilele vinavyokaliana. Mifupa ina magnesiamu kiasi, na mojawapo ya mistari ya Auger ya magnesiamu, yaani vilele vya elektroni za pili zinazotoka atomi inapojipanga upya, huangukia karibu na kalsiamu. Mstari wa Auger wa sodiamu huangukia karibu na oksijeni. Potasiamu hukaa jirani na kaboni, karibu na 293 eV, na wapo waliouita mlima huo kaboni ya aina mpya. Dawa ni kutafuta kilele cha pili cha elementi hiyohiyo. Kama ipo kweli, itajitokeza mahali pake pote.

Katika kuvigawa vilele ndiko makosa mengi zaidi hutokea, na nasema hivi kwa uchungu, kwani makala za kisayansi zilizochapishwa zimejaa michoro ambayo haiwezi kutetewa. Programu ya kompyuta itakubali kuweka vilele vidogo vitano chini ya mlima wowote, na mstari wa jumla utalala vizuri juu ya vipimo vyako. Hilo halithibitishi kitu. Kabla ya kuongeza kilele, jiulize kama kemia ya sampuli inakihitaji na kama kipo kipimo kingine kinachokiunga mkono. Kisha zitii sheria za fizikia ambazo hazina msamaha. Kilele cha kalsiamu 2p ni pacha: vilele viwili vilivyoachana kwa karibu 3.5 eV, kimoja kikiwa na eneo mara mbili ya mwenzake. Fosforasi nayo ni pacha, vilivyoachana kwa chini ya 1 eV, kwa uwiano uleule wa moja kwa mbili, kwa hiyo bega dogo la fosforasi si aina ya pili ya fosfeti. Floraini 1s haina pacha. Ikiwa kilele chako cha floraini ni kimoja, chenye ulinganifu na upana wa kawaida, kiache kimoja.

Oksijeni ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Katika makala nyingi za oksidi za metali, bega lililo kati ya 531 na 532 eV hupewa jina la mapengo ya oksijeni. Pengo ni mahali ambapo atomi haipo, na atomi isiyokuwepo haiwezi kutoa elektroni. Eneo hilo huwa na haidroksili, kabonati na uchafu wa hewani, na kwenye mkaa wa mifupa fosfeti yenyewe hukaa hapohapo. Mtahini akikuuliza juu ya oksijeni, ni heshima kubwa zaidi kusema kwamba michango hiyo imechanganyika kuliko kuleta mchoro wa rangi nne.

Sasa lile swali letu: floraidi imeshikana na nini? Kama imeingia mahali pa haidroksili, tunapata floraapatiti. Kama imevunja apatiti na kuunda madini mengine, tunapata kalsiamu floraidi. Nishati za floraini katika vitu hivi viwili zinakaribiana mno, tofauti ikiwa ndogo kiasi cha kumezwa na makosa ya kurekebisha chaji. Kwa hiyo usitangaze jibu kwa kilele cha floraini peke yake. Tazama uwiano wa kalsiamu kwa fosforasi. Katika haidroksiapatiti kamili ni 1.67. Uwiano ukipanda kwenye uso baada ya floraidi kuingia huku fosfeti ikionekana imeongezeka kwenye maji yaliyotoka, dalili inaelekea kwenye kalsiamu floraidi. Ukibaki palepale, kubadilishana na haidroksili kunakuwa na nguvu zaidi. Lakini linganisha na mkaa wako uliooshwa kwa maji safi, si na ile 1.67 ya vitabuni, kwa kuwa uso wa mfupa uliochomwa una kabonati na kasoro zake tangu mwanzo.

Kwenye namba, uwe na kiasi. Asilimia za atomi za XPS hupatikana kwa kugawanya eneo la kila kilele kwa kipimo cha wepesi wake wa kuonekana, kisha zote zikafanywa zifikie 100. Kosa la asilimia 10 ya thamani yenyewe ni la kawaida kwenye sampuli isiyo laini, kwa hiyo kuandika floraini 3.472 ni kumdanganya msomaji. Utando wa uchafu wa kaboni nao huzuia zaidi elektroni za mwendo mdogo. Elektroni za floraini hutoka na takriban 800 eV, za fosforasi na zaidi ya 1350, hivyo sampuli chafu itaonyesha floraini pungufu ikilinganishwa na fosforasi hata kama hakuna kilichobadilika chini yake.

Wengi wakitaka kujua kilichomo ndani huomba uso uchimbwe kwa ioni za agoni. Kwenye chembe za mkaa nakushauri uache. Ioni hizo huondoa baadhi ya elementi haraka kuliko nyingine, huvunja kabonati, na kwenye uso wenye vilima huacha vivuli visivyochimbwa. Ipo njia rahisi ambayo haikugharimu chochote ila sampuli moja ya ziada: pima chembe nzima, kisha saga chembe za fungu hilohilo kuwa unga laini upime tena. Kusaga hufunua nyuso za ndani. Floraini ikishuka sana kwenye unga, ilikuwa imekaa juu. Ikibaki karibu ileile, imezama.

Unapoandika tasnifu, taja aina ya mashine, chanzo cha eksirei, ukubwa wa doa, nishati ya kupitisha elektroni, kama kisawazisha chaji kilitumika, kilele cha marejeo na thamani yake, namna ulivyoondoa msingi wa chini ya kilele, umbo la vilele na masharti yote uliyoyawekea. Onyesha vipimo vyenyewe kwa nukta, usiweke mistari ya programu tu. Dai maabara ikupe mafaili ghafi, ikiwezekana kwa muundo wa VAMAS unaosomwa na programu nyingi, kwa sababu picha ya mchoro haiwezi kuchambuliwa upya. Na unapogawa sampuli za kutuma, bakiza nusu ya kila moja kwenye kichupa chake, kavu na chenye lebo ya tarehe na namna ilivyosuuzwa, hadi tasnifu itakapopita.